Kisu Nilichokipeleka Kunolewa

Kamau mjukuu wangu,

Habari za huko Kanada? Sisi huku Molo tuko salama. Nasema sisi, kumbe ni mimi na ng'ombe. Baba yako hupiga simu Jumapili, akikumbuka.

Umeuliza kisu changu cha kukunja kinaweza kuuzwa pesa ngapi kwa hao watu wanaokusanya visu vya zamani. Hakina bei tena, na kosa ni langu.

Kilikuwa cha baba yangu. Alipofariki, nilisikia kuna mzee Nakuru mjini anayenunua visu kama hivyo. Niliona aibu kukipeleka kikiwa cheusi vile, nikapitia kwa fundi wa kunoa mwenye baiskeli. Kikatoka kinang'aa kama kioo. Yule mzee alikifungua, akasikiliza mlio wa springi, akatafuta jina la kiwanda, akalikosa.

"Kijana, ungekileta na uchafu wake ningekinunua. Jina limeisha kwenye jiwe, na kisu kimebaki nusu."

Sikuumia kwa sababu ya pesa. Weusi ule ulikuwa wa viazi na tumbaku na mkono wa baba, na mimi nilikuwa nimemlipa mtu auondoe.

Wiki jana fundi wa mbao alikuja kurekebisha mlango wa jikoni. Akaona pale ulipochonga jina lako kwa kisu hicho ukiwa na miaka saba, akatoa randa apasawazishe. Nikamfukuza.

Mlango bado haufungi vizuri, baridi inaingia. Wacha iingie.

Guka wako