Ukurasa wa Penseli

Moroni, Ijumaa, alasiri. Mvua tangu asubuhi. Umeme umerudi, na laiti usingerudi.

Nimeharibu maandishi ya baba.

Baba alikuwa karani. Enzi za mamluki, wale askari wa Kizungu walioogopwa kuliko serikali yenyewe, alichukuliwa ofisini hapa Moroni, nami nina miaka mitatu. Hakurudi. Zilizorudi ni kurasa kumi na moja alizoandika kizuizini, zikatolewa ndani ya kikapu cha chakula. Kumi kwa wino. Wa mwisho kwa penseli, na huo alimwandikia mama.

Mchwa walishaanza kuzila. Mwezi uliopita nilizipiga picha kwa simu, nikazihamishia kwenye kompyuta, nikafuta za kwenye simu. Mama akaniagiza kutoka Mutsamudu, anakoishi, karatasi zenyewe zisitupwe jaani, maana kila moja inaanza na Bismillahi. Nikazipeleka Itsandra, nikazizamisha baharini kwa heshima, kama tufanyavyo na misahafu iliyochakaa. Nikajiona nina akili kweli.

Leo wakili wa Mutsamudu, anayetuandalia madai ya fidia kwa ajili ya baba, ameniambia faili ni zito, halipiti kwenye barua pepe. Binamu yangu akanielekeza tovuti ya kupunguza ukubwa wa faili bure. Nikakataa. Mle mna majina ya waliomchongea baba, na watoto wao nakaa nao jamvi moja harusini. Siwezi kumkabidhi mtu nisiyemjua. Nikafanya mwenyewe, kwenye kompyuta yangu, mlango nimeufunga. Nikachagua udogo wa mwisho, nyeusi na nyeupe, nikahifadhi juu ya faili la zamani.

Wino umebaki. Penseli programu imeiona uchafu wa karatasi, ikaifuta.

Ukurasa wa kumi na moja ni mweupe pe. Nimelifungua na kulifunga faili lile sijui mara ngapi, nalia kama mtoto.

Kisha mama akapiga simu. Kila Ijumaa baada ya sala mimi humsomea ukurasa wake, kwa kuwa yeye alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kifaransa hazijui.

“Kwezi, mama,” nikamwamkia.

“Mbona, mwanangu,” akaitikia. “Haya, nisomee.”

Nilidhani naujua kwa moyo. Sentensi tatu zikaja, ya nne ikagoma. Mama anasubiri, namsikia anavyopumua. Nikaingiwa na hofu, nikatunga yangu: kwamba baba hajutii hata siku moja aliyoishi naye.

“Hilo hukuwahi kunisomea,” akasema. “Miaka yote hii ulikuwa unaliruka? Lirudie.”

Nikalirudia.

Akalia. Akamshukuru Mungu. Akasema alikuwa akijiuliza neno hilohilo tangu siku waliyomchukua, na sasa hata akifa hana dukuduku.

Najichukia. Nimemdanganya mjane kwa sauti ya mumewe, na aliyoyaandika mwenyewe hayapo tena popote duniani, kwa kidole changu.

Ameniagiza Ijumaa ijayo nianze na hilo.

Nitaanzaje?