Mama, Nenda Ukamwone Onesmo

Masasi, Mtwara
Jumapili baada ya misa (nimekwenda, usiulize)

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeitika marahaba huku umekunja uso, unasubiri kusikia nimeharibu nini. Sijaharibu kitu. Mimi mzima, nimenenepa, na mageti yote mazuri ya hapa nimeyachomelea mimi. Ukipita barabarani utadhani mji ni wangu. Goti linaendeleaje? Na ile migomba ya nyuma ya jiko, imesimama baada ya upepo? Baba mdogo bado anakohoa makusudi ili apewe chai ya kwanza?

Nimeandika kwenye karatasi nikaipiga picha, Editha ataipokea kwenye simu yake leo leo. Dada, msomee mama kwa sauti, na usiruke pale ninapojisifu, wivu wako naujua. Sikupiga simu kwa sababu, mama, ukisikia tu neno gemu unakata. Barua huwezi kuikata. Basi tulia.

Unajua jioni nikishanawa masizi huwa nacheza gemu la vita kwenye simu, timu ya watu wanne. Ulishasema ni ujinga, tuyaache hayo. Timu inaitwa Migomba ya Ntobeye, jina la kwetu, na kapteni ni mwanao aliyeishia kidato cha pili, anaamuru watu wenye vyeti. Jovini ni kinyozi Kahama. Pastori anakaanga chipsi Geita. Wa nne ni Onesmo, Msubi wa Biharamulo, ananunua maharage Kirushya, huko kwetu Ngara, na kuyapeleka kwao kwa pikipiki. Huu mwaka wa pili tuko pamoja na sura yake sijawahi kuiona. Hata namba za simu hatukupeana. Za nini, wakati kila jioni tunasikiana humo humo?

Na huko kusikiana ndiko kulikotuponza. Onesmo hawezi kuanza vita kabla hajasalimia. Atamuuliza Jovini habari za mtoto, atamuuliza Pastori mkono uliomwagikiwa mafuta unaendeleaje, halafu anakuja kwangu: kapteni, mama wa Ntobeye, goti lake? Unatangazwa nchi nzima na huna habari. Mimi namjibu, maadui wameshatuzunguka.

Siku moja kwenye ligi tulibaki mimi na yeye dhidi ya mtu mmoja. Kwenye gemu hili adui akiwa karibu unamsikia anavyoongea. Huyo akakohoa, kikohozi cha mtu mzima kabisa. Onesmo yuko nyuma yake, bunduki imeshamlenga, akamwambia, "Shikamoo mzee." Mzee akaitika marahaba mwanangu, akageuka taratibu, akampiga risasi. Kisha akanimaliza na mimi. Jovini alicheka mpaka mteja wake akaondoka na nusu ya ndevu.

Mimi sikucheka, nilitaka kombe. Nikafunga sauti za wote, na maandishi pia, tukabaki na vitufe vya ishara: nenda, rudi, piga. Nikaweka na sheria kwamba atakayekosa mechi tatu anatoka. Na tulishinda, mama, sikufichi, tuliwapiga watu mpaka wakaanza kuuliza Ntobeye iko wapi. Aliyebadilika kuliko wote ni Onesmo. Zamani nikimwambia aende kushoto anauliza kushoto kuna nini. Sasa nabonyeza tu, ameshafika. Nikajiambia, huo ndio uongozi.

Alhamisi tukaingia fainali. Kwa furaha nikafungua sauti ili nimsifu mbele ya wenzake. Nilimsifu vizuri, mdomo wangu unaujua. Nikamwambia aseme neno. Nikamuuliza kama amemeza ulimi. Ndipo ikaja sauti ya mwanamke, ya chini.

"Shemeji, mimi siye. Ni Adelina, mke wake. Onesmo yuko hospitali, wiki ya tatu sasa."

Alianguka na magunia yake kwenye mteremko wa kutoka Ngara mjini, paja likavunjika. Hospitalini Ngara amebaki na kitochi, kisimu cha kupigia tu. Simu kubwa mke alirudi nayo Biharamulo, kwa sababu mgonjwa kila akizinduka anauliza kama tumeshamtoa kwenye timu. Basi mke akajifunza kucheza ili mumewe asitolewe. Siku mbili tu akawa ameiva. Mimi ilinichukua miezi, lakini hapo Editha punguza sauti.

Nikamuuliza, kwa ukali kidogo maana aibu ilikuwa imenishika, kwa nini siku zote hizo hakutuambia.

"Ningewaambia kupitia wapi, shemeji? Si mlifunga."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma. Wiki tatu nampigia makofi mtu aliyelala kitandani hajiwezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Jovini, ambaye hata misa haimnyamazishi, nilimsikia anazima mashine ya kunyolea.

Sauti nimezifungua, na sheria yangu ya mechi tatu nimeifuta. Fainali ilikuwa jana. Adelina alicheza kwa jina lake mwenyewe, tukamsalimia kwanza kila mtu kwa zamu yake, na yeye akatuuliza mmoja mmoja, tukapigwa hata hatujamaliza salamu. Kombe wamechukua watu wa Bukoba. Sikulia. Ni vumbi la chuma lile.

Namba ya kitochi nimepewa, nikampigia Onesmo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, mazuri, kama ya katekista. Hakunipa nafasi, akaniuliza habari zako wewe. Nikamtania kwamba mkewe anamzidi mbali, akacheka mpaka nikasikia muuguzi anamfokea.

Sasa mama, hapa ndipo nilipotaka kufika. Adelina ana watoto wadogo na maharage yako shambani, Ngara anafika mara moja kwa wiki. Siku nyingine zote Onesmo hana mtu, anakula anachogawiwa na jirani wa kitanda. Mguu umevutwa kwa mawe ili mfupa uunge, zaidi ya mwezi bado atakuwa amelala pale. Nakuomba siku ya soko upande pikipiki uende Ngara, wodi ya wanaume. Mpikie ndizi, utie karanga kama unavyonitilia mimi. Picha yake sina ya kukuonyesha. Lakini sema kitu cha kuchekesha mlangoni, unaweza sana usijifanye. Atakayeanza kucheka puani, halafu kicheko kikashuka kifuani, huyo ndiye.

Nisalimie bibi mzaa baba, umwambie bado sijaoa na asinitafutie. Baba mdogo mpe shikamoo na chai yake. Shangazi wa Kirushya, na mwenyekiti wa jumuiya, wote wajue mimi ni mzima na nasali.

Ukishamwona Onesmo, kaa naye kidogo, mtazame vizuri. Halafu Editha aniandikie sura yake ikoje.

Mwanao mtundu,
Deo