Jina la Bibi Salome

Jumanne jioni

Herufi sita nimezifumua moja moja, kama mwizi.

Kitambaa changu cha ile kambi ya wakoma iliyofungwa kilikuwa kimekamilika: mabweni, kisima, wagonjwa, kila mmoja na jina lake. Anayedarizi kama mimi Ikungi nzima hayupo, nasema kweli. Hata mwanangu Neema, mwalimu mzima, alisema atakipeleka mjini watu wakione.

Leo nikaenda kumwonyesha Bibi Salome, ndiye pekee kati yao aliyebaki hai. Nilijua atafurahi.

"Mama Neema, nani kakutuma?" akaniuliza. "Mjukuu wangu anaolewa Mungaa, ng'ombe wameshahesabiwa. Wakijua nilikaa kule wataghairi. Nitoe humo, mwanangu."

Nimemtoa. Lakini Jumapili, kwa kujisifu kwangu, nilituma picha ya kitambaa kizima kwenye grupu la kwaya. Na mama wa bwana harusi anaimba na sisi.

Sasa hivi ameniandikia: "Hongera Mama Neema, mkono wako una baraka! Huyo Salome ndiye bibi wa mkwe wetu?"

Ee Mungu wangu. Nimeandika hapana, nikafuta. Nimeandika tena. Bado anasubiri.