Mkutano Uliouhudhuria kwa Simu

Nyumba namba 212,
(pale pale nyuma ya tanuru)
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza kama tulivyolelewa, maana hasira haifuti adabu. U hali gani huko? Wifi yangu hajambo? Na watoto je, yule mdogo kile kifua kimemwachia? Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, anagombana na redio. Ni miguu tu inayomsumbua. Mume wangu mzima, anakusalimu, na ndiye aliyenishauri nisikuandikie siku ile ile ya mkutano, eti nisubiri nipoe. Nimesubiri wiki nzima. Sijapoa.

Umeiona anwani hapo juu. Hiyo ni zawadi yetu ya kwanza kutoka kwa jiji. Miaka yote barua zimetufikia kwa mtu kuulizia kwa mchoma matofali. Sasa sisi ni 212, tumepakwa rangi ya bluu kwenye nguzo ya geti. Mama anasema ni namba ya mfungwa.

Sikatai mazuri, usije ukasema dada yako kazi yake ni kupinga. Tangu mpaka wa jiji usogezwe ukatumeza, lami imefika hadi mlangoni kwa fundi cherehani. Mama alipoteleza bafuni mwezi uliopita, gari la wagonjwa lilimfuata mpaka barazani. Zamani tungembeba kwenye kiti mpaka barabara kuu. Maji ya bomba yanakuja, si kila siku, lakini yanakuja. Taa ya barabarani imesimikwa karibu na geti letu na mama anaipenda kama mjukuu. Yote hayo nimeyaona na nimeshukuru.

Na bei za viwanja zimepanda, najua hilo ndilo lililokunogea. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu kauza robo ya kiwanja chake akanunua gari, na kwa kuwa hajui kuendesha, analikalia uani jioni akisikiliza muziki. Namcheka, lakini yeye angalau aliuza cha kwake, kwa mdomo wake, akiwa amesimama juu yake.

Upande wa pili kuna kodi ya majengo, na kibali cha kila kitu. Mume wangu alitaka kuhamisha choo cha wafanyakazi kidogo tu, kaambiwa alete mchoro. Udongo wa kiwanjani kwetu hauchimbwi tena bila ruhusa. Hayo nayo ningeyavumilia. Nimeishi na moto maisha yangu yote, siwezi kumwogopa afisa mwenye tepu ya kupimia.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, ile shule ambayo unajua vizuri kuta zake zilitoka kwenye tanuru la nani. Palikuwa na turubai, viti vya plastiki na spika mbili kubwa. Wamiliki waliwekwa mbele, wapangaji na wengineo nyuma. Hati ya kiwanja ina jina lako, kwa sababu baba aliandika mtoto wa kiume na hakuna aliyemuuliza, kwa hiyo nikaelekezwa nyuma, nikakaa na wafanyakazi wangu. Sikununa. Nilijua utaratibu: kazi yoyote iliyokuwapo kabla ya mpaka kusogezwa itaruhusiwa kuendelea, mradi mmiliki aitaje pale mkutanoni. Isiyotajwa inafungwa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwamba mwenye hati yuko mbali, na kazi ni yangu.

Kumbe mwenye hati hakuwa mbali. Fundi cherehani alisimama, akaisogeza simu yake kwenye kipaza sauti, akasema mmiliki wa 212 yuko nasi. Nikasikia sauti yako. Mdogo wangu, nilifurahi. Sikukasirika hata kwamba hukuniambia. Nilimgusa bega mwanamke aliyekaa mbele yangu nikamwambia huyo ni mdogo wangu. Ukazungumza vizuri kama kawaida yako, maendeleo, thamani, kesho ya watoto, na watu wakakupigia makofi. Kisha afisa wa jiji akakuuliza kama kuna kazi yoyote inayofanyika kwenye kiwanja chako.

"Hakuna," ulisema. "Yupo dada yangu tu, anaangalia nyumba."

Nilisimama. Sikumbuki kama niliomba ruhusa. Nilisema kuna tanuru pale, tena hata ukikaa hapo ulipo unaliona, na nikanyoosha mkono. Afisa hakugeuza hata shingo.

"Mama, mmiliki ameshasema."

Watu wakaangalia chini. Fundi cherehani naye akaangalia simu yake, yeye ambaye matofali ya nyumba yake mpya yamo ndani ya tanuru hilo hilo.

Kesho yake watu wa jiji walikuja wakalichora tanuru alama ya X nyekundu. Na lilikuwa tayari limepangwa, limekandikwa tope pande zote, kuni zimeshaingizwa kwenye midomo yake. Ilibaki kuwasha tu. Sasa nimekatazwa kuwasha. Unajua mwenyewe tofali bichi na mvua haviivi chungu kimoja. Zikinyesha kabla sijachoma, yote yatarudi kuwa udongo. Wafanyakazi wangu wamekaa majumbani mwao wananisubiri nisemeje. Na kila siku wanapita wenye viwanja vipya kuniuliza matofali. Jiji linataka watu wajenge na halitaki mtu achome tofali. Akili hiyo waieleze waliosoma.

Jumatano ulipopiga simu ukasema ulikuwa na nia njema, kwamba tanuru linashusha thamani ya kiwanja chetu, kwamba siku moja nitakushukuru. Uliposema "chetu" nilimpa mama simu, maana mdomoni nilikuwa na maneno ambayo mtu hawezi kuyarudisha. Leo nakuuliza kwa utulivu wote niliobakiwa nao. Uliona aibu? Ulipokuwa unazungumza na maofisa, ulitaka kuwa mtoto wa nyumba ya mjini yenye namba? Hilo kovu la mkono wako wa kushoto, wakikuuliza huko unawaambia umelipata wapi? Mimi nakumbuka. Ulikataa kuondoka kwenye mdomo wa tanuru likiwaka, ukaungua, na nikakubeba mgongoni mpaka zahanati huku unaniambia ukiwa mkubwa utachoma matofali kunishinda.

Imeniuma. Sina neno lingine. Kama angelisema mgeni ningemjibu na kulala usingizi. Umelisema wewe, mbele ya majirani wote, kwa spika mbili.

Kuna jambo sikukuambia kwenye simu. Zile spika hazina mchezo, zilifika hadi nyumbani. Mama alikuwa barazani anakunja nguo, akasikia sauti yako inatoka upande wa shule. Maneno hakuyapata, sauti tu. Akajua umekuja. Akaingia ndani na magongo yake, akavaa lile gauni la kijani ulilomtumia, akatoa kiti chako, akakaa kukusubiri. Niliporudi nikamwambia ilikuwa simu. Akasema simu haiwezi kuwa na sauti kubwa vile, bila shaka umesimama njiani kusalimiana na watu. Akakataa katakata kuingia ndani. Giza likaingia, taa ya jiji ikawaka, ikammulika pale alipokaa na gauni lake. Siku ile niliichukia ile taa.

Basi nisikilize. Mkutano wa marekebisho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, asubuhi, pale pale shuleni. Anayeruhusiwa kusahihisha maneno ya mmiliki ni mmiliki mwenyewe. Fundi cherehani amekubali kushika simu tena. Nimemwambia akikataa, nyumba yake ataishona. Sitaki uniandikie kuomba radhi, wala usinitumie kitu. Nataka usemee pale pale uliposemea, kwa spika zile zile, kwamba kwenye kiwanja hicho kuna tanuru la matofali na mwenye kazi ni dada yako. Ukisema hivyo, nitawasha siku hiyo hiyo. Usiposema, nitalivunja kwa mikono yangu kabla hawajaleta mashine yao, nitamchukua mama, na nyumba yako utakuja kuiangalia mwenyewe.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie sina ugomvi naye. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka na mikono yake bado ina udongo. Mume wangu anakusalimu tena, na mwalimu mstaafu pia, ambaye anauliza kama huko mnafundisha watu wazima kuendesha gari. Mungu akulinde kazini na njiani, na akufungue mdomo siku hiyo ya Jumamosi.

La mwisho. Kabla hujalitaja tanuru, anza na mama. Msalimie kwa sauti, taratibu, umwambie uko kwenye simu na bado hujaja. Gauni nimelifua, nimelirudisha kabatini, na sitaki alivae bure tena.

Wako akupendaye hata sasa,
Dada yako, mchoma matofali