Kovu Kwenye Picha ya Tangazo

Greta, upo?

Si nilikuambia nahifadhi kurasa za kile kifaa cha mkononi walichokitengeneza kina Baba hapa Waterloo, kile cha zamani cha barua pepe bila waya? Tovuti inafungwa, nikasema nizinakili zisipotee.

Nikakuta picha ya tangazo. Mkono umeshika kifaa, na kidole gumba kina kovu la kukatwa na kiatu cha kutelezea barafuni.

Ni mkono wa Baba! Hakuna mwingine mwenye kovu lile!

Nikaikuza. Kwenye kioo pameandikwa: "Lorna, theluji imezidi. Usimtume Kurt anifuate. Nalala hapa kazini."

Usimtume Kurt, Greta. USIMTUME.

Na Kurt alitumwa. Kaka yangu akafia kwenye mtaro, gari limefunikwa na theluji.

Tangu hapo Mama alimwambia Baba, "Hata neno moja hukuniletea." Naye Baba akaapa mpaka tunamzika, "Nilituma, Lorna. Nilituma."

Sasa tazama pembeni mwa kioo. Alama ya mawimbi imekatwa kwa X, yaani hakuna mtandao. Walikizimia mawimbi ili wapige picha, na yeye akaandikia humo humo, akabonyeza, akaamini ujumbe umekwenda.

Hakudanganya. Na haukufika.

Mungu wangu, Mama ameingia na chai. Ameliona kovu. Amesema, "Huyo si baba yako? Kaandika nini hapo?"



Amekwenda kuchukua miwani.