Gari la Jumatatu hadi Ijumaa

Jumatano, Julai. Baridi ya kuuma masikio, na upepo umevuma tangu alfajiri bila kupumzika.

Ninaandika nikiwa mezani kwangu, Kitengela, saa moja jioni. Kwa miaka mitatu, Jumatano saa kama hii imenikuta katika chumba cha kupanga kule Kajiado mjini ninakofundisha, nikila githeri ya mahindi na maharagwe peke yangu na kumpigia binti yangu simu. Mume wangu Mutuku ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela, na Mwende wetu, mwenye miaka sita, anasoma hapa. Kwenda na kurudi kila siku kulitushinda kwa nauli iliyopanda pamoja na bei ya mafuta. Kwa hivyo nilikuwa ninakuja Ijumaa na kuondoka Jumapili.

Ndiyo maana tukaanza kutafuta gari la umeme. La kunipeleka asubuhi na kunirudisha jioni, basi.

Sasa nikiri ujinga wangu.

Kwenye yadi moja hapa mjini tulikuta magari matatu. La kwanza lilikuwa jeusi, kubwa, limeinuka juu. Bei yake ilizidi mkopo wetu wa sacco, lakini mimi nilishaanza kupanga namna ya kuongeza mkopo. Sababu ni Desemba. Kwetu Nyeri ndugu zangu huegesha magari yao mbele ya nyumba ya Mama, na sisi kila mwaka hufika kwa miguu kutoka stejini, tumebeba mifuko ya unga. Nilitaka mwaka huu geti lifunguliwe kwa ajili yetu. Mutuku alikwenda kukagua matairi, na mimi nikachukulia kuwa amekubali.

La pili lilikuwa jeupe, rimu zinang'aa, bei nafuu. Muuzaji alituachia tuliendeshe Jumapili moja baada ya kanisa, tukateremka nalo hadi Athi River. Tulipofika, mshale wa betri ulikuwa haujasogea. Nilirudi nikiimba.

La tatu lilikuwa dogo, rangi ya maharagwe yaliyochemshwa kupita kiasi. Hata mlango wake sikuufungua.

Aliyeniokoa ni Naisiae, matron wa bweni la shule yetu. Naisiae hana leseni na hajawahi kushika usukani, ila wikendi hununua na kuuza mbuzi kwenye soko la mifugo la Bisil, na sijaona mtu aliyefanikiwa kumdanganya. Nilimwonyesha picha ya lile jeusi, nikamweleza habari za Nyeri, nikingoja anisifu.

"Mwalimu, hiyo gari ya Desemba utaiendesha siku ngapi?"

Nikasema labda kumi. Akanirudishia simu yangu, akaendelea kuhesabu mashuka. Mimi nilikasirika siku mbili nzima kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nilipomweleza jinsi tulivyolijaribu lile jeupe, alicheka hadi akashika mlango. Akaniambia kwamba sokoni kuna watu huwapa mbuzi chumvi na maji asubuhi ili tumbo lijae, na mnunuzi mgeni huona mnyama mnene. Yeye hanunui asubuhi. Hungoja jua liwe kali, kisha huomba mbuzi atembezwe kidogo. Mimi nilikuwa nimepewa gari lililoshiba umeme, tukiwa wawili ndani, kwenye mteremko. Nimefundisha fizikia miaka tisa.

Jumamosi akapanda matatu akaja Kitengela, akamwamkia muuzaji kwa heshima zote, akatoa masharti yake: betri iwe nusu, watu wanne ndani, tupande kuelekea Kajiado. Gari jeupe lilifika Isinya mshale ukiwa umeanguka vibaya. Muuzaji, aliyekuwa ametupigia hadithi njia nzima, akaanza kuukodolea mshale macho. Tuligeuza tukarudi polepole, hita imezimwa ili kuokoa umeme, Naisiae amejifunika shuka lake na anatabasamu.

Kisha tukapanda lile la maharagwe. Kwa betri nusu lilitufikisha Kajiado mjini na kubakisha robo. Lilipanda bila kulalamika na bila sauti, hata nikasikia upepo kwenye nyasi kando ya barabara. Mutuku alipiga dashibodi makofi mawili. Nadhani nililipenda hapo hapo, rangi yake na yote.

Hata hivyo Naisiae alikuwa na swali jingine: litalala wapi, na litakula nini? Mwalimu na muuza nyaya, na hakuna aliyekuwa amewaza jambo hilo! Mutuku ndiye aliyekwenda kumwomba mwenye nyumba ruhusa, akamleta fundi avute waya mnene kutoka mita yetu hadi maegeshoni. Gari tulishalilipia, na kazi ya waya ilikamilika jana jioni. Najua bado lina kasoro. Njia yetu ni udongo mweusi unaonasa magurudumu ukilowa, na masika yakija huenda nikaliacha kwa jirani aliye karibu na lami, ambapo hakuna pa kulichaji.

Lakini leo nimekwenda kazini na nimerudi.

Nilimkuta Mwende mlangoni na sare ya shule. Aliponiona alikimbia ndani badala ya kunikumbatia. Nilipomfuata nikamkuta amepiga magoti, anasukuma begi lake la shule chini ya kitanda.

"Mum amekuja," akamwambia babake aliyekuwa jikoni. "Kesho hakuna shule."

Miaka mitatu, mtoto huyu amejua wikendi kwa kuniona mimi.

Nikakaa sakafuni nikamweleza kwamba leo ni Jumatano, kesho ni shule, na kesho jioni nitakuja tena. Alinitazama kama anayetaka kuhakikisha sidanganyi.

"Kwani Alhamisi pia unakujanga?"

Nikamwambia ndiyo, siku hizi nakujanga. Akalivuta begi, akatoa kitabu cha hesabu, akaniuliza penseli yake iko wapi, na mimi sikujua. Sijui penseli huwekwa wapi katika nyumba yangu mwenyewe.

Nimetoka nje kuchomeka gari, na huko nje nimelia kidogo. Kesho nitajua penseli ziko wapi.