Mwalimu, Siku Ile Ulipokaa na Mimi Kwenye Moshi

Mwalimu wangu Zuhura,

Sikufika kukuzika. Walipotuambia umefariki hospitalini Tarime na ndugu zako wanakusafirisha kwenda kwenu Kondoa, nilifunga kitenge kimoja nikakimbilia stendi. Nikakuta gari limeshaondoka. Nikarudi kijijini kwetu Nyambureti. Tangu hapo maneno yamenikaa kifuani, na leo shule imefungwa, jikoni niko peke yangu, nimeomba karatasi nikuandikie. Mwandiko wangu unaujua. Vumilia tu.

Naanza na lile la kwenye kikao, kwa sababu sijawahi kukuomba radhi.

Wakati ule kila mtoto alikuwa analeta kuni shuleni mara mbili kwa wiki, ndizo nilizopikia makande. Miti ya karibu ilikuwa imekwisha, wasichana wakawa wanakwenda mbali, hadi upande wa hifadhi. Asubuhi moja Nyangi wa darasa la tano akakutana na tembo. Akatupa mzigo, akakimbia, akaanguka korongoni, akavunjika mkono. Kikao kikaitishwa, wazazi wakaja juu. Wakasema chakula cha shule kiachwe, bora watoto wakae na njaa kuliko kufia porini. Na mimi mpishi ningerudi nyumbani.

Ndipo wewe, mwalimu mgeni wa miezi miwili, ukasimama ukasema, "Chakula kisiachwe. Tatizo ni jiko letu. Linakula kuni kuliko linavyopika."

Mwalimu, niliona umenivua nguo mbele ya watu. Nikasimama na mimi. "Huyu ameshuka kwenye basi juzi. Nimepika hapa tangu yeye hajajua kushika kalamu!" Watu wakacheka sana. Wewe ukainamisha kichwa, ukakaa.

Nikajua nimekumaliza. Kumbe kesho yake, kabla kengele haijagongwa, nikakuona mlangoni kwangu. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba kwa shingo upande. Hukusema habari ya jiko. Ulivuta kigoda ukakaa karibu na mafiga yangu matatu, kwenye moshi ule ule, ukachambua maharage na mimi mpaka makande yakaanza kuchemka. Machozi yalikuwa yanakutiririka. Ndipo ukauliza, "Mama Bhoke, macho yako yanauma hivi kila siku?"

Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mume wangu hakuuliza. Mwalimu mkuu hakuuliza. Nililia, Mwalimu. Nikasingizia moshi.

Ukanisimulia habari za kwenu, jinsi ulivyokua ukiona makorongo yanakula mashamba kwa sababu babu zenu walimaliza miti, na jinsi mama yako alivyokuwa akitoka na giza kutafuta kuni akarudi jua likiwa kali. Ukasema, "Sitaki huku kwenu kufike huko." Ulisema "kwenu", lakini kwa jinsi ulivyosema nilisikia "kwetu".

Nikakubali tujenge jiko jipya. La kwanza lilipasuka siku ya tatu. Ulicheka wewe kwanza, ukaniuliza nyumba zetu tunakandika kwa udongo gani. Mimi! Nikakupeleka kwenye kichuguu, nikakuonyesha namna ya kuchanganya na samadi na majani makavu, ukakanyaga tope kwa miguu yako mpaka magotini huku darasa la sita wanashangilia. La pili halikupasuka. Sufuria likazama ndani, moto ukabaki chini yake, moshi ukapanda kwenye bomba. Mzigo wa kuni niliokuwa namaliza asubuhi moja ukanifikisha siku ya nne. Wageni walipokuja kuliona ukawaambia, "Hili ni jiko la Mama Bhoke." Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia.

Sasa nikupe habari za huku. Watoto hawabebi tena kuni. Ile miti uliyopanda nao nyuma ya madarasa imenipita urefu, na matawi tunayopunguza yanatosha kupikia. Ukame wa mwaka jana ulitutisha, kila mtoto akawa anakuja na chupa ya maji ya kumwagilia mti wake, na iliyokufa ni michache. Nyangi yuko sekondari. Mkono wake ulipona, ila haunyooki vizuri. Kwao amejenga jiko kwa mikono yake, mama yake ananipigia makofi kila tukionana kisimani. Macho yangu yametulia, nasoma Biblia bila kuyafikicha.

Na hili usicheke. Walimu wa shule moja ya Natta wamekuja kuniomba nikawafundishe kujenga. Siku moja nilikwambia niliishia darasa la nne, ukaniambia, "Mikono yako haikuishia darasa la nne." Nitakwenda. Naogopa, lakini nitakwenda.

Jambo la mwisho. Mama yako alipata namba yangu kwenye simu yako. Alipiga, akajitambulisha. Halafu akauliza, "Mwanangu alikuwa anafanya nini huko mbali?" Nilimweleza yote, hata jinsi nilivyokudhalilisha. Akacheka huku analia, akasema hivyo ndivyo ulivyokuwa tangu mdogo, ukigombezwa unasogea karibu. Sasa tunaongea kila Ijumaa.

Anataka kuja likizo ya Desemba. Mwalimu, nakuahidi, nitampokea stendi mwenyewe, na safari hii nitafika mapema. Nitamsalimia shikamoo kwa niaba yako, nitampikia, na nitamwacha atembee kwenye miti ile mpaka aridhike. Asante, mwanangu. Lala, Mungu amekuona.

Mimi,
Mama Bhoke